BUNDUKI NA VYOMBO VYAKE: KWANZA KAZI, KISHA CHOMBO

Wazee wetu husema, "Mchagua jembe si mkulima." Maneno hayo ni kweli kwa mvivu anayesimama mpakani mwa shamba akitafuta udhuru. Lakini mkulima hodari naye ana jembe la kulimia, na panga la kufyekea, na shoka la kukatia miti, wala hapalilii kwa shoka. Yeye hachagui kwa kutegea kazi, bali huchagua kwa kuijua kazi. Ndivyo ilivyo katika habari tunayotaka kuieleza hapa, yaani habari ya vyombo vinavyofungwa katika bunduki au kuchukuliwa pamoja nayo: ukanda, vilengeo, darubini, vya kuegemezea, mdeki, mafuta, na vinginevyo.

Msomaji asidhani ya kuwa habari hii ni ya wenye bunduki peke yao. Mzee wa kijiji ambaye mahindi ya watu wake yamekwisha kwa nguruwe na nyani, na watu wanachanga fedha ili mlinzi apate vyombo, yampasa ajue fedha hizo zanunua nini. Mwalimu huletewa karatasi za dukani azisome, zenye picha nzuri na sifa nyingi. Na yule asiyekuwa na hata manati, kama akaa karibu na pori, ana sehemu yake katika jambo hili. Kwani nyati aliyepigwa vibaya kwa sababu ya darubini iliyolegea hafi pale pale. Hujificha kichakani na jeraha lake, na siku ya pili hukutana na mwanamke anayetafuta kuni. Mwenye kosa yuko nyumbani kwake, na asiye na kosa ndiye alipaye.

MASWALI MATATU

Kabla ya kununua chombo cho chote, mtu na ajiulize maswali matatu. La kwanza: Nitapiga kitu gani? La pili: Nitakipiga kwa umbali gani, na kwa mwanga gani? La tatu: Bunduki hii itachukuliwaje, na kwa muda gani? Akiyajibu kwa kweli, si kwa tamaa, ataona ya kuwa nusu ya vitu vilivyopangwa dukani si vyake. Asipoyajibu, muuza duka atamjibia, na jibu la muuza duka siku zote ni kile kilicho ghali.

ZAMANI ZA GUMEGUME NA GOBORE

Katika siku za gumegume na gobore hapakuwa na shida ya kuchagua. Mwenye bunduki ilimpasa awe na pembe ya baruti, na mfuko wa risasi, na matambaa ya kushindilia, na mdeki, yaani ule ufito wa kusukumia baruti na risasi mpaka chini ya mtutu. Mwenye gumegume alihitaji jiwe la kutoa cheche, na mwenye gobore la fataki alihitaji fataki zake zikae kavu. Kikikosekana kimoja tu katika hivyo, bunduki ilikuwa rungu.

Raifo ni bunduki ambayo mtutu wake umechongwa ndani mifuo ya kuzunguka, ili risasi itoke ikizunguka kama pia na kwenda moja kwa moja. Katika raifo za siku hizi, baruti, risasi na fataki zimetiwa pamoja katika ganda moja la shaba. Basi bunduki ya namna hii yaweza kulia hata kama mwenyewe hana kitu kingine mkononi. Kwa hiyo vyombo vyake vingi vimekuwa hiari, na penye hiari ndipo penye kudanganyika.

MAFUNZO YA JESHI

Majeshi yamelipa gharama kubwa kujifunza habari hii, nasi twaweza kuyapata mafunzo yao bila gharama. Tazama raifo ya Lee-Enfield ya .303, ambayo askari wengi wa Afrika ya Mashariki waliichukua katika vita vya mwaka 1939 hata 1945. Namna yake fupi ilianza kutumiwa na jeshi la Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na wakati huo ilikuwa na vilengeo vya namna mbili. Vya kwanza vilikuwa vya kawaida, vilivyopimwa mpaka yadi 2,000. Vya pili viliwekwa ubavuni kwa ajili ya kupiga mbali zaidi ya hapo. Havikuwa vya askari mmoja kumlenga adui mmoja. Vilikuwa vya kikosi kizima kupiga pamoja kwa amri, risasi zinyeshe kama mvua juu ya kundi la adui lililo mbali sana.

Vita vya mwaka 1914 vilipokuja, kazi hiyo ilishikwa na bombomu na mizinga. Mwaka 1916 ikakubaliwa namna ya bunduki ile ile isiyo na vilengeo vya ubavuni. Kazi ilikuwa imekwisha, na chombo kikaondoka pamoja nayo.

Lakini angalia kitu ambacho hawakukiondoa. Ndani ya kitako, chini ya kifuniko kidogo cha shaba, kilikaa kichupa cha mafuta pamoja na kamba ya kusafishia, yenye kipande kizito cha shaba upande mmoja na kitanzi cha kutia kitambaa upande wa pili. Hivyo vilibaki vita vyote viwili. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipopigana Burma mwaka 1944, ikapita bonde la Kabaw katika mvua na matope mengi, kichupa kile kidogo kilikuwa na kazi kila siku. Chombo cha maana si lazima kiwe kikubwa, wala si lazima kionekane.

Singe nayo ina fundisho lake. Singe ya mwaka 1907 ya bunduki hiyo ilikuwa na ubapa wa inchi 17. Kitu kizito kikifungwa mdomoni mwa mtutu, mtetemeko wa mtutu hubadilika, na risasi huenda mahali pengine. Warusi walilijua jambo hilo, na raifo yao ya Mosin ya 1891/30 ilirekebishwa shabaha singe ikiwa imefungwa. Askari aliyeiondoa aliona risasi zake zimehama. Basi shika kanuni hii: ukiongeza au ukiondoa kitu cho chote katika mtutu, bunduki hiyo ni bunduki nyingine mpaka uijaribu tena.

UKANDA

Chombo cha kwanza cha kununua ni ukanda. Raifo ya kawaida ina uzito wa kilo tatu hata nne na zaidi, na mtu anayetembea nayo tangu alfajiri huijua kila ratili. Ukanda humwachia mikono yake apande jabali, avuke mto, au amsaidie mwenzake. Tena mpiga shabaha hodari huuzungusha ukanda mkononi na kuukaza, ndipo bunduki itulie.

Ukanda wa ngozi ni mzuri katika nchi kavu. Katika nchi ya joto na unyevu, kama pwani yetu, ngozi hushika ukungu na kuoza kwenye mshono, na ukanda wa kitambaa kigumu wafaa zaidi. Usiwe mwembamba kama kamba, kwani utakata bega. Wala usiwe na vyuma vinavyogongana, kwani mnyama husikia mlio huo kabla hajakuona. Vishikizo vyake na viwe vya namna inayofunguka upesi. Wawindaji wengi, wanapomfuata mnyama mkali katika kichaka kinene, huuondoa ukanda kabisa usije ukanaswa na mti dakika ile ambayo haina ya pili.

VILENGEO NA DARUBINI

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Vilengeo vya kawaida ni viwili: kimoja kidogo karibu na mdomo wa mtutu, na kingine chenye mfuo au tundu karibu na jicho. Havina kioo cha kuvunjika, havishiki ukungu wa mvuke, na havina uzito wa kutajwa. Kwa umbali wa hatua hamsini, ambao ndio umbali wa mnyama mwingi wa shambani, mtu mwenye macho mazima hahitaji zaidi. Simo Häyhä wa Finland, ambaye sifa yake ya kulenga ilienea sana katika vita vya nchi yake na Warusi vya mwaka 1939 na 1940, alipigana kwa vilengeo vya kawaida bila darubini. Aliona ya kuwa darubini humlazimisha mtu ainue kichwa zaidi, na kioo chake hushika ukungu katika baridi, tena hung'aa katika jua na kumfichua mwenyewe. Mtu yule alijua kazi yake na mahali pa kazi yake, akachagua kwa kufuata hayo.

Lakini hatusemi ya kuwa darubini ni mbaya. Mtu aliyevuka umri wa miaka arobaini, ambaye jicho lake haliwezi tena kuona wazi kilengeo cha karibu na mnyama wa mbali kwa wakati mmoja, husaidiwa sana na darubini, kwa kuwa alama na mnyama huonekana mahali pamoja. Tena darubini humwonyesha kama yule aliye nyuma ya majani ni dume au ni jike mwenye mtoto. Twataka tu msomaji ajue kuisoma.

Juu ya darubini huandikwa tarakimu mbili, kwa mfano 4x32. Ya kwanza yaonyesha ya kuwa kitu huonekana kana kwamba kimesogezwa karibu mara nne. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimeta. Sasa gawanya ya pili kwa ya kwanza: 32 kwa 4 ni 8. Hiyo ni milimeta 8, ndiyo upana wa mwanga unaoingia katika jicho. Mboni ya kijana gizani hufunguka kiasi cha milimeta 7, na ya mzee hufunguka chini ya hapo. Kwa hiyo darubini hii hulipa jicho mwanga wote linaoweza kuupokea. Walakini darubini ya 12x32 hutoa milimeta pungufu ya 3. Mchana wa jua haina neno. Magharibi, saa ile nguruwe watokapo, mwenye darubini hiyo ataona giza, ingawa aliinunua kwa bei kubwa zaidi.

Tena kadiri kitu kinavyokuzwa, ndivyo upana wa mahali panapoonekana unavyopungua. Nguruwe akikimbia hatua ishirini mbele yako, darubini ya kukuza mara kumi na mbili itakuonyesha manyoya tu, hutajua kama ni ya shingo au ya mkia. Jeshi la Uingereza lilipotengeneza Lee-Enfield Namba 4 ya walenga shabaha hodari katika vita vya pili, liliipa darubini ya kukuza mara tatu na nusu tu, nayo ikafanya kazi kubwa. Na kwa kuwa darubini ilikaa juu, waliongeza kipande cha mti juu ya kitako, ili shavu lipate mahali pa kutulia. Chombo kimoja huomba chombo cha pili, na mnunuzi ahesabu bei ya vyote kabla hajatoa fedha.

Mambo matatu zaidi ya darubini yafaa yakumbukwe. Kwanza, jicho likae mbali na kioo cha nyuma, sentimita 8 hata 10 au zaidi, la sivyo bunduki itakaporudi nyuma darubini itapasua nyusi. Pili, vishikizo vinavyoifunga darubini na bunduki ni muhimu kama darubini yenyewe. Kioo cha bei kubwa juu ya vishikizo vilivyolegea ni nyumba nzuri juu ya mchanga. Tatu, na hili ni la uhai wa watu: usitumie darubini ya bunduki kumtazama mtu ili umjue ni nani. Ukifanya hivyo umekwisha kumwelekezea mtutu. Kwa kutazama, chukua darubini ya macho mawili, inayoning'inia shingoni na isiyoua mtu.

VYA KUEGEMEZEA

Zauzwa bunduki zenye miguu miwili ya kukunja chini ya mtutu. Miguu hiyo yafaa kwa mtu alalaye kifudifudi mahali peupe akipiga mbali. Katika nchi ya majani marefu mtu akilala kifudifudi haoni kitu ila majani, na ile miguu imekuwa mzigo tu unaonasa kila mwiba. Wawindaji wa nchi zetu hutumia fimbo tatu ndefu, zilizofungwa pamoja karibu na ncha kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, zikasimamishwa kama mafiga yaliyoinuliwa, na mtu akaegemeza bunduki yake akiwa amesimama. Fimbo hizo hukatwa porini, na zikivunjika hukatwa nyingine. Hapa chombo cha bei ndogo kimekishinda cha bei kubwa, kwa sababu kimezaliwa mahali pa kazi.

Kuna na tochi za kufunga katika bunduki, na vyombo vya kupunguza mlio. Sheria za uwindaji katika nchi nyingi hukataza kumpiga mnyama kwa kumulika taa, na sheria za silaha ni kali sana juu ya vyombo vya kupunguza mlio. Mtu asinunue hata kimoja kabla ya kuuliza polisi na afisa wa wanyamapori wa wilaya yake. Lakini viziba masikio havikatazwi popote, na kila ajizoezaye kulenga yampasa avivae, kwani masikio yaliyoharibiwa na mlio wa bunduki hayaponi.

MDEKI, KITAMBAA NA MAFUTA

Bunduki nyingi zimeharibika kwa uchafu kuliko zilizochakaa kwa kazi. Risasi za zamani zilikuwa na fataki ambayo, baada ya kulipuka, huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta maji ya hewani, na chuma hushika kutu kwa siku chache. Mafuta hayaiyeyushi, ndiyo sababu askari wa zamani walifundishwa kumimina maji ya moto katika mtutu kwanza, kisha kuukausha, ndipo kuupaka mafuta. Risasi nyingi zinazotengenezwa siku hizi hazina chumvi hiyo, lakini zile za akiba ya majeshi ya zamani huenda zikawa nayo, na hewa ya pwani na ya maziwa makuu ina unyevu wa kutosha kuleta kutu bila msaada.

Chagua mdeki wa kipande kimoja, wa shaba au wa chuma kilichofunikwa, usije ukaikwaruza mifuo. Usafishe kutoka upande wa nyuma, inapoingia risasi, kama bunduki yaruhusu. Maana ukingo wa mdomo wa mtutu ndio wa mwisho kuigusa risasi, na ukiliwa na mdeki, risasi haitakwenda sawa tena. Mafuta yawe kidogo. Mafuta mengi hukusanya vumbi, na vumbi pamoja na mafuta ni kinu cha kusagia chuma.

Watu wengine huziba mdomo wa mtutu kwa kitambaa ili vumbi lisiingie. Desturi hiyo ni ya hatari. Siku moja mwenyewe husahau, akapiga, na mtutu ukapasuka mkononi mwake. Hatari hiyo hiyo yaweza kuletwa na nyigu wa udongo, ambaye hujenga katika tundu lo lote lililoachwa siku chache. Mlinzi mwenye busara, kila anapoitoa bunduki, huhakikisha kwanza ya kuwa haina risasi, hulifungua komeo, kisha huchungulia mtutu kutoka nyuma aone mwanga upande wa pili. Kazi hiyo haihitaji chombo hata kimoja, ila jicho.

FUNDISHO LA TSAVO

Mwaka 1898, reli ya kutoka Mombasa kwenda Uganda ilipofika mto Tsavo, simba wawili waliwaua wafanyakazi wengi, na kazi ya daraja ikasimama. Msimamizi wa daraja, J. H. Patterson, alitengeneza mtego mkubwa mfano wa chumba, wenye sehemu mbili zilizotengwa kwa vyuma. Katika sehemu moja aliweka askari wenye bunduki za Martini, risasi tele na taa. Usiku simba akaingia sehemu ya pili, na mlango ukamfungia. Askari wale walikuwa karibu naye kiasi cha kuweza karibu kumgusa kwa mtutu. Lakini hofu iliwashika, wakapiga kila upande, na risasi moja ikavunja kizuizi cha mlango. Simba akatoka na kwenda zake. Taa ilikuwapo, risasi zilikuwapo, mtego ulikuwapo. Kilichokosekana ni mazoezi ya kutuliza moyo.

Patterson mwenyewe naye alipata fundisho lake. Siku nyingine aliiacha bunduki yake ya .303 aliyoizoea, akaazima ya mitutu miwili yenye nguvu zaidi, bila ya kuijaribu kwanza. Simba alipotokea karibu sana akavuta, na bunduki ikatoa mlio mdogo tu wa chuma, risasi haikulipuka. Alipona kwa bahati. Simba wa kwanza aliuawa mwezi wa Desemba mwaka huo, na wa pili kabla mwezi huo haujaisha.

Basi chombo kipya, hata kikiwa bora, si chako mpaka umekijaribu mahali salama. Ukifunga darubini, piga risasi tatu shabahani kwa meta 100, ukiwa umeegemea vizuri. Katika darubini nyingi, mlio mmoja wa kifundo cha kurekebishia huhamisha risasi kiasi cha milimeta 7 kwa umbali huo. Kama risasi zako zimekwenda chini kwa sentimita 7, zungusha milio kumi, kisha piga tena tatu. Gharama ya risasi hizo ni ndogo kuliko gharama ya nyati mmoja aliyejeruhiwa.

WATU WATATU, BUNDUKI TATU

Tuchukue mifano mitatu ili jambo hili likae wazi.

Wa kwanza ni mlinzi wa mashamba mwenye kibali, anayefukuza nguruwe na nyani. Yeye hupiga karibu, asubuhi na magharibi, na nyuma ya mnyama mara nyingi kuna nyumba au njia. Apate ukanda, vilengeo vizuri au darubini ndogo yenye mwanga, mdeki na mafuta, basi. Darubini ya kupigia mbali itamharibu, kwani itamshawishi apige mbali, naye hajui risasi itaishia wapi. Hata risasi ndogo ya .22 yaweza kwenda zaidi ya kilomita moja.

Wa pili ni askari wa wanyamapori anayeitwa kwa habari ya nyati au tembo mkali. Bunduki yake ni nzito, pengine ya .375 Holland & Holland, iliyotolewa mwaka 1912 na ambayo yatumika hata leo. Bunduki hiyo hurudi nyuma kwa nguvu. Kwa hiyo mto wa mpira kitakoni si anasa, kwa maana mtu anayeogopa bega lake hufumba macho wakati wa kuvuta. Akitaka darubini, iwe ya kukuza kidogo, yenye kukaa mbali na jicho, na iweze kuondolewa upesi ili abaki na vilengeo vya kawaida kichakani.

Wa tatu ni mchezaji wa shabaha. Katika nchi za theluji uko mchezo wa kukimbia kwa mbao za miguuni na kupiga shabaha, nao umo katika michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1960. Siku hizi wachezaji hupiga kwa .22 katika umbali wa meta 50. Darubini imekatazwa, na bunduki isipungue kilo 3.5. Ukanda wao ni wa mabega yote mawili kama mfuko wa safari, na vilengeo vyao vina vifuniko vya kuzuia theluji. Vyote hivyo ni vya akili sana kule kwao. Mlete mlinzi wetu wa shamba vyombo hivyo, na vitamchekesha. Mpelekee mchezaji yule fimbo tatu za mwindaji, naye atacheka. Hakuna aliyekosea.

CHOMBO CHA MWISHO

Kimebaki chombo kimoja kisichofungwa katika bunduki, nacho ndicho kinachotangulia vyote: kabati la chuma lenye kufuli, na mahali pengine pa kufungia risasi, mbali na bunduki. Mtoto hajui tofauti ya bunduki iliyo tupu na iliyojaa. Mwizi naye hatafuti darubini, atafuta silaha. Tanzania ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi mwaka 2015, na Kenya, ambayo ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ina sheria yake ya silaha. Na katika nchi zote mbili mwenye kibali ndiye mwenye dhamana ya bunduki yake, mchana na usiku.

Kama fedha ni chache, na aghalabu ni chache, mpango wa kununua na uwe huu: kwanza kufuli na kabati, pili mdeki, vitambaa na mafuta, tatu ukanda, nne risasi za kujizoeza, tano, ikiwa kazi yenyewe yadai, darubini na vishikizo imara. Mzee wa kijiji atakayeulizwa fedha kwa ajili ya darubini, na amwulize mlinzi neno moja tu mbele ya watu: "Kabati liko wapi?" Akilionyesha, ndipo waendelee kuzungumza.